Mgeni wa korosho, mgeni wa msiba: nani kati yao ni mtalii?

Swali la leo limetoka kwa mama mmoja wa Mikindani, mkoani Mtwara, mwenye gesti ya vyumba vinne. Ameandika hivi:

"Mwalimu, salaam. Mwanangu anasomea utalii chuoni, yuko mwaka wa pili. Amekuja likizo, ananiambia, 'Mama, na wewe umo kwenye utalii.' Nikamwambia utalii ni wazungu na kamera zao, ni Serengeti na Zanzibar. Wageni wangu mimi ni watu wa minada ya korosho, mafundi wa gesi, watu wa misiba na harusi. Mzungu nampata mmoja baada ya miezi. Tumebishana mpaka chai imepoa. Nakutumia picha ya ukurasa mmoja wa daftari langu la wageni. Niambie, utalii maana yake hasa ni nini? Na kama kweli nimo, mbona sioni faida yake?"

Shikamoo mama. Nimeikuza ile picha kwenye simu nikausoma ukurasa wako mstari kwa mstari. Wageni kumi na mmoja, siku tisa, miandiko miwili. Juu kuna safu zilezile zinazokutwa kwenye gesti zetu tangu nikiwa mdogo: tarehe, jina, kabila, kazi, atokako, aendako, saini. Umekuwa ukizijaza kwa sababu wakubwa wanataka zijazwe, lakini jibu la ugomvi wako na mwanao limo humohumo, kwenye "kazi", "atokako" na "aendako".

Nianze na haki yako. Neno lenyewe liko upande wako. Kutalii ni neno la zamani lenye asili ya Kiarabu, na wazee walilitumia kabla hakujawa na hoteli za kitalii: kuchunguza, kusoma kitu kwa makini, kuzunguka mahali ili upajue. Anayetalii anatembea ili aone. Mtu aliyeshuka basi na begi la hesabu za mnada hakuja kuona chochote, amekuja kununua korosho aondoke. Kwa hiyo ulipomkatalia mwanao, ulikuwa unasema Kiswahili sahihi.

Ila chuoni mwanao hafundishwi neno tu, anafundishwa na kipimo. Serikali zikitaka kujua watu wangapi wametembea na wametumia fedha kiasi gani, haziwezi kumwingia kila mtu moyoni kuuliza kama amefurahia mandhari. Wataalamu wa takwimu walikutana Ottawa, Kanada, mwaka 1991, na mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ukapitisha maana ambayo mpaka sasa ndiyo msingi wa takwimu za nchi nyingi. Kwa maneno yangu ni hii: utalii ni shughuli za mtu anayesafiri na kukaa nje ya mazingira yake ya kawaida, kwa muda usiozidi mwaka mmoja mfululizo, kwa ajili ya mapumziko, biashara au jambo jingine, ilimradi hakwenda kule ili aajiriwe na kulipwa na watu wa kule.

Angalia "biashara au jambo jingine". Hapo ndipo mwanao amekushinda. Matibabu yamo, ibada imo, kuwaona ndugu kumo, mkutano umo, na mnada umo.

Kuna jambo moja ninalipenda katika kipimo hiki, na huwa nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka. Wataalamu wale waliona wanahitaji jina la kumwita kila anayeingia kwenye maana hiyo, awe amekuja kuogelea au kuzika. Jina walilochagua, ukilileta kwenye lugha yetu, ni "mgeni" tu. Mgeni akilala angalau usiku mmoja anaitwa mtalii. Akirudi siku hiyohiyo ni mtembezi wa siku. Kwa hiyo neno ulilokuwa nalo kwenye jalada la daftari lako miaka yote, "wageni", ndilo neno mama, na "mtalii" ni mtoto wake. Kumwita mfiwa mtalii usoni ni kumkosea adabu, na sikushauri. Kumhesabu ni jambo lingine.

Sasa tuusome ukurasa. Yule karani wa kampuni ya Dar es Salaam aliyelala siku tatu za mnada ni mgeni, amelala, ni mtalii wa biashara. Mshahara wake unatoka Dar, hautoki Mtwara. Wale wawili walioandika "kazi: mkulima", atokako Tunduru, aendako Mtwara, nadhani walikuwa wanampeleka mtu hospitali ya mkoa wakalala kwako. Hao pia ni wageni, safari yao ni ya matibabu, hata yule aliyesindikiza tu. Familia ya watu watano kutoka Lindi, chumba kimoja usiku mmoja, ni ya harusi au msiba, hukuandika. Wamo wote, pamoja na watoto.

Fundi wa gesi, ingawa kwenye ukurasa huu hayupo, ndiye atakayekupa tabu. Kama ametumwa na mwajiri wake wa Dar kuja kukagua mtambo wiki moja, yumo. Kama ameajiriwa hapahapa na mwenye mradi, anakaa miezi minane na analipwa kwa kazi ya hapa, hayumo, ingawa chumba amelipia na kisamvu chako amekula vilevile. Kibarua aliyetoka wilaya nyingine kuja kuokota korosho kwa malipo hayumo pia. Dereva wa lori ambaye jina lake limejirudia mara mbili katika siku tisa hayumo, maana njia ya Dar kwenda Mtwara ndiyo ofisi yake. Na mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani akalala kwako akitafuta nyumba, huyo ni mkazi mpya.

Ukitoa hao, nimepata wanane kati ya kumi na mmoja. Mzungu hakuna hata mmoja. Utalii wa watu wanaozunguka ndani ya nchi yao unaitwa utalii wa ndani, na kwa mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, ndio unaoziweka gesti hai.

Hapa kuna kitu ambacho hata mimi kilinichukua muda kukielewa: hayo "mazingira ya kawaida" yanaishia wapi? Mtwara mjini na Mikindani ni kama kilomita 10. Kijana wa Mtwara anayekuja Jumapili kula pweza ufukweni, ni mgeni au yuko nyumbani? Hakuna mstari uliochorwa ardhini. Kila nchi hujiwekea vigezo, ama umbali, ama mipaka ya utawala, ama mara ngapi mtu anakwenda. Mimi naangalia mazoea. Mahali unapokwenda kila wiki bila kumuaga mtu, hapo ni pako. Mahali unapofunga begi na kumwachia jirani ufunguo, umeshatoka. Mmakonde wa Newala anayeteremka kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani ni mgeni kamili kuliko mtu aliyetoka Ulaya kwa mara ya kumi.

Mpaka hapo nimezungumzia safari. Swali lako la pili linahusu biashara, na hapo ndipo penye uzito.

Safari ni ya zamani sana pwani hii. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa na upepo wa Kaskazi, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Alimkuta sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Alifika, aliona, aliandika, akaondoka na upepo ulipogeuka. Kwa kipimo cha leo huyo alikuwa mgeni. Lakini biashara ya utalii haikuwepo, kwa sababu mgeni wa namna yake alipokewa na wenyeji na kulishwa kwa heshima ya dini na elimu. Livingstone naye alishukia Mikindani mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, na watalii wanaletwa mpaka leo kuonyeshwa alipopita. Yeye mwenyewe hakuwa mtalii, maana alizunguka bara miaka saba hadi alipofia huko mwaka 1873.

Biashara ilianza pale mtu alipogundua kwamba safari ya wengine inaweza kupangwa, kufungwa pamoja na kuuzwa. Mfano unaotajwa sana ni wa Thomas Cook, fundi seremala na mhubiri wa kupinga ulevi huko Uingereza. Tarehe 5 Julai 1841 alikodi treni kutoka Leicester hadi Loughborough, akapakia watu wapatao mia tano kwa shilingi moja ya kwao kila mmoja. Hakumiliki treni wala kituo. Alichouza ni mpango.

Ndiyo maana biashara hii inawachanganya watu. Korosho ni tasnia unayoiona: mkorosho, ghala, mnada. Chumvi unaiona. Utalii huuoni, kwa sababu hautambuliwi kwa kitu kinachouzwa, unatambuliwa kwa anayenunua. Sahani ya wali samaki uliyomuuzia jirani yako ni mgahawa. Sahani hiyohiyo, sufuria hilohilo, ukimuuzia yule karani wa Dar, ni mapato ya utalii. Bajaji iliyomtoa uwanja wa ndege wa Mtwara, muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, aliyemuuzia kifuko njiani, fundi aliyemshonea zipu ya begi, wote wamepata shilingi iliyotoka nje ya mkoa na hakuna hata mmoja aliyeandika "utalii" kwenye leseni yake. Wewe umo, mama. Umo tangu siku uliyoweka kitanda cha kwanza.

Basi kwa nini huoni faida? Nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu Kilwa.

Nilivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani na kundi la wageni sita waliokuwa wamenunua safari yao mjini, mbali na Kilwa. Ni mwendo mfupi wa boti. Tukatembea: Gereza, yaani ile ngome ya zamani, Msikiti Mkuu wenye kuba zake, kisha Husuni Kubwa kule juu ya jabali, jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane lililochongwa karne ya 14. Mji huu na wa Songo Mnara uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ukatiwa kwenye orodha ya mahali palipo hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuzitengeneza kuta, ukaondolewa humo mwaka 2014. Wageni walishangaa kwa dhati. Mmoja alikaa kimya muda mrefu amegusa ukuta wa matumbawe.

Walikuwa wamebeba maji yao. Chakula kilikuja kwenye maboksi. Mwongozaji walikuja naye. Tulipokuwa tunarudi ufukweni tulimkuta mama ameketi kibarazani anasuka kawa ya ukili, ile ya kufunikia chakula, yenye mistari ya zambarau. Mgeni mmoja akasimama, akaichukua, akaigeuza, akauliza bei. Elfu saba. Akatoa noti ya elfu kumi. Mama yule hakuwa na chenji. Akamtuma mtoto akaombe kwa jirani, na mtoto akakimbia. Nahodha akaita kutoka majini, maji yanakupwa, boti itakaa mchangani. Mgeni angeweza kuiacha ile noti, lakini hakufanya hivyo. Mwongozaji akasema tutapata nyingine Dar. Wakapanda. Mtoto alirudi na noti tatu za elfu moja mkononi tukiwa tumeshaondoka, na nilimwona amesimama ufukweni kazinyoosha.

Sijalisahau lile tukio. Ukilitazama vizuri, kila kitu cha utalii kilikuwepo: historia ya miaka mia saba, mgeni mwenye hamu na fedha, bidhaa nzuri, mwenyeji mwenye ujuzi. Na bado kisiwani hakikubaki karibu chochote. Wachumi hukiita kitu hiki uvujaji. Mgeni analipa fedha nyingi, lakini zinatokea matunduni kabla hazijafika: kwa aliyepanga safari mbali, kwa maboksi ya chakula ya mbali, kwa mwongozaji wa mbali. Unaweza kumimina ndoo ngapi kwenye mtungi wenye ufa?

Serikali ikitangaza kwamba mwaka 2023 nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8, hiyo ni idadi ya waliovuka mipaka ya nchi. Haituambii wangapi walilala Lindi, wala mama wa kawa alipata nini. Kazi ya biashara ya utalii, kwa mtu wa Kusini, ni kuziba ufa kwanza kabla ya kuomba ndoo nyingine. Sanduku la chenji ufukweni lingeuza kawa ile kuliko bango la matangazo.

Mfano mwingine ninaoubeba moyoni ni Tendaguru, kilima kilichopo kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, waliendesha pale uchimbaji wa mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale. Waliochimba walikuwa watu wa kwetu, kwa mamia, wakisimamiwa na mtu wa kwetu aitwaye Boheti bin Amrani. Waliobeba mifupa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu, walikuwa watu wa kwetu pia. Mjusi yule mkubwa amesimama leo kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13, na watu wanakata tiketi kumwona. Wanalala Berlin, wanakunywa kahawa Berlin. Kilimani kwenyewe ni nyasi na miti, na ukifika bila mtu wa kukueleza hutajua umesimama juu ya nini. Kivutio peke yake si biashara. Biashara inataka barabara ya kumfikisha mgeni, mtu wa kumsimulia, sahani ya chakula, choo safi na mahali pa kulala. Kimojawapo kikikosekana, vingine vinakaa bure.

Na vinategemeana kweli. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar huku Somanga, naamini vyumba vyako vilikaa vitupu bila wewe kukosea kitu. Chumba si gunia la korosho uliloweka ghalani kungoja bei ipande. Usiku ukipita kitupu, usiku ule umekwenda na hauuziki tena. Ndiyo sababu biashara hii inahitaji wageni wa aina nyingi. Ugonjwa wa korona ulipofunga anga, watalii wa kimataifa nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama laki sita na ishirini elfu mwaka 2020. Hoteli zilizojengwa kwa ajili ya mgeni wa ng'ambo peke yake zilifunga milango. Gesti za watu wa misiba na harusi ziliendelea kuwasha taa. Usiwadharau wageni wako, mama, ndio nguzo.

Ninachokuomba ni kidogo. Ongeza safu moja kwenye daftari: "sababu ya safari". Mpe mwanao kalamu na madaftari ya miaka mitatu nyuma, ahesabu usiku kwa usiku, mwezi kwa mwezi. Nahisi ataona mlima kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, na bonde katikati ya mwaka kabla ya korosho kuiva. Sasa, kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi hupita kwenye bahari yetu hii. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Miezi hiyo ni ya ukavu, barabara nzuri, bahari safi. Bonde lako linaangukia humo. Yule karani wa korosho aliyelala kwako siku tatu za mnada, je, anajua anaweza kuja na mkewe na watoto Agosti? Amewahi kuambiwa na mtu yeyote?

Asubuhi usimpe mkate wa dukani na siagi ya kopo, maana hela hiyo inarudi Dar na lori lililoileta. Mpe ming'oko ya moto na pilipili, au mkate wa kumimina, na korosho za mama wa jirani. Bomani kwa Wajerumani, lile jengo la mwaka 1895 lililofanywa hoteli, liko mwendo wa miguu kutoka kwako. Milango ya kuchonga ya mji wa zamani vilevile. Kijana akiweza kuisimulia mitaa hiyo vizuri, saa moja ya kumtembeza mgeni itazaa kitu.

Ila hapo mwambie asikimbilie. Leseni yako ya gesti na ushuru unaolipa halmashauri vinahusu kulaza watu. Kuongoza wageni kwa malipo, au kuwapangia safari na kuwauzia, kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na hilo aulize wizara yenye dhamana kabla hajachapisha kadi. Kama ni Kilwa, kibali na kiingilio hulipiwa Masoko kabla ya kuvuka. Kama ni Msimbati, hifadhi ina ada yake. Vitu hivi vinaonekana vidogo mpaka siku mgeni anaporudishwa njiani.

Na akiwavusha kweli, awaambie wabebe noti ndogondogo.

Hesabu ya daftari ikishakamilika nitumie tena picha. Nataka hasa kuiona Agosti.